Barua Iliyosema Maji Yameongezeka

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliiandika Jumatatu asubuhi, meneja akaitia saini kabla ya chai ya saa nne, na kufikia adhuhuri ilikuwa imeshakwenda kwa barua pepe kwa wafadhili wetu huko Ulaya. Tulikuwa tunaomba fedha za awamu ya pili ya mradi wa maji katika kijiji kimoja mkoani Singida: pampu ya kisima kirefu, mabomba, na tangi la kuwekwa kilimani. Sentensi ya kwanza niliipenda kuliko zote. Ilianza hivi: "In view of improving water supply in the village, we request the release of the second instalment."

Nilichotaka kusema ni kwamba tunaomba fedha ili tuboreshe huduma ya maji. Nilichosema, kwa msomaji aliyekulia kwenye Kiingereza, ni kwamba kwa kuwa huduma ya maji inazidi kuwa nzuri, tunaomba fedha. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima kabisa. Walifurahi kusikia kwamba hali imeanza kubadilika. Wakaomba takwimu za ongezeko hilo, wakauliza pia kama pampu kubwa tuliyoiomba bado inahitajika au sasa ndogo ingetosha.

Tuliandikiana wiki tano kulinyoosha jambo hilo. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Wiki hizo tano kina mama wa kijiji kile waliendelea kufukua mchanga kwenye mto mkavu, wanasubiri maji yajikusanye shimoni, wanayachota kwa kata hadi ndoo ijae. Najua kwamba fedha zingeweza kuchelewa kwa sababu nyingine yoyote. Lakini safari hii zilichelewa kwa sababu ya maneno matatu, na aliyeyaandika ni mimi.

Nilisoma sekondari kama wengi wetu. Kidato cha tatu mwalimu aliandika ubaoni sentensi mbili: Juma aliamka mapema, Juma alitaka kuwahi basi. Kazi yetu ilikuwa kuziunganisha kwa "in order to", kisha kwa "so as to", kisha kwa "so that". Nilipata zote. Sina neno baya juu ya mazoezi yale, yamenilisha mpaka leo. Ila yaliniachia imani moja: kwamba vifungu hivi vya kutaja kusudi ni kitu kimoja kilichobadilishiwa nguo, na kwamba kilicho kirefu zaidi ndicho cha kiofisi zaidi. Nilipoajiriwa nikaanza kusoma maandiko ya miradi yaliyoandikwa na washauri, nikakutana na "with a view to". Nikakiona kama suti. Nikakivaa bila kukipima, na siku nyingine, kwa haraka, nikakichanganya na ndugu yake wa jina, "in view of".

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika miswada ya sheria, na baada ya kustaafu alirudi kwao Singida kufuga kuku. Jumamosi moja nilimpelekea nakala ya ile barua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Karatasi gani hizo?"

Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Hakumaliza hata aya ya kwanza.

"Hapa umewaambia maji yanaongezeka."

"Hapana mzee, nimewaambia tunataka yaongezeke."

"Hilo umelisema moyoni. Kwenye karatasi halipo."

Akanieleza kwamba "in view of" hutazama kitu ambacho tayari kipo: kwa kuzingatia kwamba, kwa kuwa, kutokana na. Mvua imenyesha, barabara imekatika, basi kwa kuzingatia hilo mkutano umeahirishwa. "With a view to" hutazama kitu ambacho bado hakijawa. Neno la katikati ni lile lile, kutazama, lakini cha kwanza kinatazama kilicho mezani na cha pili kinatazama upande safari inakoelekea. Nilipoandika "in view of improving water supply" niliyaweka maji mazuri mezani, nao wakayaona.

Kisha akaingia ndani akatoka na kijitabu kilichochakaa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945. Akaniambia nisome mwanzo wa ibara mbili tu. Ya 40 inaanza: "In order to prevent an aggravation of the situation". Ya 55 inaanza: "With a view to the creation of conditions of stability and well-being". Akaniuliza kwa nini wale waandishi, ndani ya mkataba mmoja, hawakutumia kifungu kimoja kote.

Nilijibu kwamba labda waliogopa kurudia maneno. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha.

Alitikisa kichwa. Waandishi wa sheria, alisema, hawaogopi kurudia. Wanaogopa kubadilisha neno bila sababu, maana ukibadilisha neno msomaji ataamini umebadilisha jambo. Tazama ibara ya 40: vita vinanukia, Baraza la Usalama linazitaka pande zinazogombana zisimamishe jambo fulani leo, hali isizidi kuharibika. Hatua na kusudi lake vimeshikana mikono. Hatua ikitekelezwa, kusudi limefikiwa au limekaribia sana. Ibara ya 55 inazungumzia utulivu na ustawi wa dunia, na baada yake Umoja wa Mataifa unatakiwa kuhimiza mambo kama viwango bora vya maisha na ajira kwa wote. Hakuna azimio moja litakalolizaa hilo kesho asubuhi. Kusudi liko mbali, na hatua yenyewe ni ya kulielekea tu.

Nimeishi na maelezo yale miaka mingi sasa, na kila ninapopata andiko zuri la Kiingereza rasmi nalipima kwayo. Kamati ilikutana kujadili mkataba: hapo "to" peke yake inatosha, kwa sababu kujadili ndiko kukutana kwenyewe. Kamati ilikutana na mkandarasi kwa matarajio ya kusaini mkataba baadaye: hapo ndipo "with a view to signing" inapokaa vizuri. Ukiandika kwamba nilifungua bomba "with a view to filling the bucket", msomaji atajiuliza ndoo iko kijiji gani.

Tukaja kwenye sarufi. Mzee alipekua maandiko yangu mengine, akakuta "with a view to improve" mara sita. Hapo si mimi peke yangu. Kosa hili nimelikuta hata kwenye maandiko ya watu wenye shahada tatu. Chanzo chake ni ile "to". Kwenye "in order to improve", "to" ni mali ya kitenzi. Kwenye "with a view to", "to" ni mali ya kifungu kinachotangulia, sawa na ile ya "look forward to", kwa hiyo inadai nomino mbele yake, au kitenzi kilichovikwa "-ing": "with a view to improving". Ndiyo maana ibara ya 55 inasema "the creation". Alinipa kipimo ambacho nimewafundisha wengine wengi: weka neno "profit" baada ya kifungu. Katika "with a view to profit" ni nomino, maana yake faida. Katika "in order to profit" limegeuka kitenzi, maana yake kunufaika. Sikio likiizoea tofauti hiyo, mkono haukosei tena.

Neno "profit" hakuliokota hovyo. Uingereza ina sheria ya ubia ya mwaka 1890, na kifungu chake cha kwanza kinasema ubia ni uhusiano uliopo kati ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja "with a view of profit". Kifungu kimeandikwa kwa "of", mtindo wa zamani. Leo wengi huandika "to". Akanieleza kinachomgusa mwanasheria hapo. Watu wawili wakifungua duka pamoja wakapata hasara mwaka mzima, hawaachi kuwa wabia kwa ajili ya hasara hiyo. Sheria imetaja wanakotazama, haikutaja walichopata.

Hapo nilinyamaza, nikazikumbuka ripoti zangu za robo mwaka.

Mafunzo yalifanyika "with a view to strengthening" kamati ya maji. Ziara ilifanyika "with a view to enhancing" uelewa. Vikao viliitishwa "with a view to ensuring" uendelevu. Kila sentensi ilikuwa sahihi kisarufi baada ya kusahihishwa, na kila moja ilikuwa inasema tulitazama wapi bila kusema tulifika wapi. Niliamini ninaripoti kazi, kumbe naripoti nia. Ukaguzi ulipokuja, mkaguzi alizungushia kwa kalamu sentensi tisa za namna hiyo, na pembeni ya kila moja akaandika swali lile lile: kamati iliimarika? Tulikuwa na majibu. Kamati ile ilikuwa imejifunza kuandika daftari la mapato, ilikuwa imefungua akaunti benki, ilikuwa imemwajiri mlinzi wa pampu. Mambo yote hayo yalitendeka kweli, na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya ripoti, kwa sababu nilikuwa nimeshashibisha sentensi kwa kusudi.

Tangu hapo, kwenye andiko la kuomba fedha vifungu vya kusudi naviruhusu, kwa sababu pale bado tunatazama mbele. Kwenye ripoti ya kazi iliyokwisha, kila ninapokikuta nasimama kwanza.

Kuhusu "in order to" sina mengi, ila yaliyopo yana uzito. Miongozo mingi ya Kiingereza chepesi, kile kilichopewa nguvu Marekani na sheria ya uandishi wa wazi ya mwaka 2010, inashauri "to" peke yake iachwe ifanye kazi. Nakubali, kwa sehemu kubwa. Niliwahi kujaza fomu ya maombi yenye kikomo cha maneno 300 kwa kila swali; nikakuta "in order to" mara 11 kwenye jibu moja. Nilipofuta maneno mawili kila mahali nilipata maneno 22, na kwa maneno hayo nikaweka sentensi kuhusu fundi wa pampu ambaye awali sikuwa na nafasi ya kumtaja.

Lakini kuna mahali "in order" ikiondolewa sentensi inaharibika. Andika "they made a decision to reduce costs", umesema uamuzi wenyewe ni kupunguza gharama. Andika "they made a decision in order to reduce costs", umesema waliamua jambo jingine, pengine kuhama ofisi, na kupunguza gharama ndiyo sababu. Kwa Kiswahili tungetenganisha bila shida: uamuzi wa kupunguza gharama, na uamuzi uliofanywa ili kupunguza gharama. Kiingereza kinaihitaji "in order" pale ili nomino isiimeze "to". Nyingine ni sentensi ndefu. Utangulizi wa katiba ya Marekani ya mwaka 1787 unamtaja mtenda, "We the People of the United States", kisha unasema "in Order to form a more perfect Union", halafu makusudi mengine matano yanafuatana kabla ya kitenzi kikuu kufika. "In Order" pale inamwambia msomaji mapema: tulia, haya ni makusudi, tendo linakuja. Na ya tatu ni ukanushi. Alitoka mapema asichelewe, kwa Kiingereza rasmi, ni "so as not to be late" au "in order not to be late". "Not to" ikiachwa uchi baada ya "he left early" sentensi inachechemea.

Yapo makosa ambayo ni yetu sisi, yanatoka kwenye lugha yetu wenyewe, na nayataja bila kumcheka mtu kwa sababu yote nimeyaandika. Moja ni "for buying". Tunasema nimekwenda mjini kwa ajili ya kununua mahindi, basi tunaandika "I went to town for buying maize". Kiingereza huiweka "for" na "-ing" kwenye matumizi ya kifaa, kama mashine ya kusaga, "a machine for grinding maize". Mtu anayekwenda kununua, anakwenda "to buy". Jingine ni "so as he can pass". "So as" inafuatwa na "to" au "not to" tu. Ukitaka kumtaja mtu, sema "so that he can pass".

Kosa hili la pili ndilo lililonifikisha kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote. Kwa nini tunaandika "so as he can"? Kwa sababu "ili" yetu kwa kawaida inamtaka mtu. Ili apite. Ili wachote. Ili nisisahau. Kitenzi kinachofuata hubeba ndani yake anayetenda. "In order to" haina nafasi ya mtu. Inamwazima mtenda wa sentensi kuu. Ukiandika "the borehole was drilled in order to get clean water", hakuna ajuaye nani anapata. Kisima? Mkandarasi? Sisi tunarudi nyumbani tumeridhika kwamba kusudi limetajwa, na mwenye kusudi hayumo.

Hili sikulipata kwa mzee. Nililipata kijijini, kwenye mkutano wa hadhara chini ya mbuyu. Mshauri wa mradi alikuwa ameandika hotuba kwa Kiingereza na mimi ndiye niliyeifasiri. Nikasimama nikasoma: mradi huu unatekelezwa kwa lengo la kuhakikisha upatikanaji endelevu wa huduma ya maji safi na salama. Mama mmoja mtu mzima, kanga begani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nimekusikia. Upatikanaji wa nani?"

Nikamwambia ni kwa wananchi wote, mama.

"Mimi nakaa kitongoji cha juu. Bomba litafika kwangu, au nitateremka mimi?"

Nilimtazama mshauri, mshauri akamtazama fundi. Fundi akasema tangi liko chini ya kitongoji cha juu, maji hayapandi. Tulikuwa tumeandika "access", yaani upatikanaji, mara nyingi sana kwenye lile andiko, na katika kurasa zote hizo hakuna aliyemtaja huyu mama akiwa amebeba ndoo.

Simaanishi kwamba "kwa lengo la" na "kwa madhumuni ya" ni maneno mabaya. Katiba yetu ya mwaka 1977, kwenye utangulizi, inasema imetungwa kwa niaba ya wananchi kwa madhumuni ya kujenga jamii inayofuata misingi iliyotajwa, na pale maneno hayo yamekaa mahali pake: wenye kusudi wametajwa kwanza. Ninachokwepa ni kuyafuatanisha na nomino za kitenzi, kuhakikisha, kuboresha, upatikanaji, uimarishaji, mpaka watu wote watoke kwenye sentensi.

Kwa hiyo nina desturi. Kabla sijaandika sentensi ya kusudi kwa Kiingereza naiandika kwanza kwa Kiswahili kwa "ili", na kitenzi lazima kiwe na mtu: ili kina mama wa kitongoji cha juu wachote maji bila kuteremka kilima. Nikishindwa kumweka mtu, najua sijui ninachoomba. Nikiweza, ndipo nachagua kifungu: "so that women in the upper hamlet can draw water" kama mtu lazima aonekane, "to" kama mtenda ni mmoja, "with a view to" kama kweli natazama mbali. Ile sentensi ya barua yangu ya Jumatatu ingekuwa rahisi sana: "We request the second instalment so that 3 of the 5 hamlets can have piped water before the next dry season." Haina suti, na hakuna ambaye angeuliza kama pampu ndogo ingetosha.

Wiki iliyopita kijana mpya wa ofisini kwetu aliniletea rasimu ya andiko. Ukurasa wa pili aliandika "with a view to ensure sustainable operation of the scheme". Nilichukua penseli nikaongeza "-ing". Akasema asante dada, akataka kuondoka. Nikamwambia akae, tuiandike kwa "ili".

Akaandika: ili mradi uendeshwe.

"Uendeshwe na nani?"

"Na kamati."

"Andika hivyo."

Akaandika: ili kamati iuendeshe mradi. Akaisoma, akanyamaza kidogo, akauliza dizeli ya pampu kamati itainunua kwa fedha gani, maana kwenye bajeti hakuiona. Tulipekua bajeti pamoja. Haikuwemo. Akatoa simu, akatoka barazani kumpigia katibu wa kamati.